Wimbo wa Makumbi na Moyo wa Bi Mwanahawa

Nimekabidhi funguo za kabati la dawa kwa kijana aliyeletwa kushika nafasi yangu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama paa la zahanati linavuja. Nikamwambia linavuja. Hakuuliza lingine. Basi haya namwandikia yeye na wenzake waliovaa koti jeupe juzi, kwa sababu yapo mambo ambayo chuoni hamkufundishwa na mimi nilifundishwa kwa shida. Nimestaafu nikiwa na uchungu kidogo, kwa hiyo mkisikia nafoka, vumilieni.

Niliingia kazini Kilindoni, mji wa kisiwani, muda mfupi baada ya Uhuru, nikiwa dresa. Siku hizi neno hilo mnalicheka. Dresa alikuwa mfunga vidonda, mchoma sindano na mchemsha maji, na mkunga akichelewa, dresa alikuwa mkunga pia. Siku ya kwanza nilifika suruali imenyooka kwa pasi, nikitarajia kupewa angalau bandeji. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Hamadi, dresa wa zamani, mwembamba, asiyependa mazungumzo kabla ya saa nne. Aliniketisha kwenye benchi la wagonjwa akasema, "Shika mikono."

Nikashika mikono ya watu mpaka adhuhuri. Yeye alikuwa akipita na beseni lake, ananiuliza, "Huyo vipi?" Nikimjibu kuwa mshipa unapiga, anasema, "Kuwa unapiga hata yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana kaja kwa miguu. Unapiga vipi? Unakimbia? Unachechemea? Unaruka pigo moja?" Jioni vidole vyangu vilikufa ganzi na suruali ilijaa makunyanzi. Bwana Hamadi akaniambia kesho nije tena kushika mikono, na keshokutwa vilevile.

Vifaa vyetu mngeviona mngelia. Tulikuwa na mashine moja ya presha, ya zebaki, ndani ya sanduku la mbao ambalo mtu alilifunga kwa kamba ya nazi baada ya bawaba kuliwa na kutu. Mpira wa kusikilizia moyo uliziba upande wa kushoto, kwa hiyo sote tulijifunza kusikia kwa sikio la kulia. Sindano zilichemshwa kwenye stovu ya mafuta ya taa. Stovu ikikasirika tulirudi kwenye mafiga matatu na vifuu, na wagonjwa wakakaa huku wanapepea moshi na kusema serikali yao imeanza kupika.

Habari ya muziki niliisikia kwanza kwa Bwana Hamadi huyo huyo. Pale mjini alikuwapo mzee mmoja mwenye duka la nguo, Bwana Gulamu, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi, na presha yake ilikuwa ya kutisha. Hakupenda kuja kwetu, akisema benchi letu lina kunguni, na hakusema uongo. Kwa hiyo sisi tulimfuata dukani na lile sanduku. Bwana Hamadi alimpima mara tu alipofika, akamwacha aweke santuri kwenye gramafoni yake na kukaa kimya mpaka santuri ikaisha, kisha akampima tena. Zebaki ilisimama chini ya pale iliposimama mwanzo. Haikuwa kila siku, na wala haikushuka kwa mengi, ila ilishuka.

Njiani nikamuuliza kama tuandike santuri kwenye cheti cha dawa. Akanitazama kwa huruma. "Muziki si dawa," akasema. "Hata matusi si sumu, lakini mtukane mwenye presha uone. Vidonge vyake anameza, na chumvi nimemkataza. Hii santuri inamsaidia moyo upate kupumzika, basi. Na awe amekaa, na iwe santuri anayoitaka mwenyewe. Siku moja mwanawe alimwekea ya kuchezea dansi, nikakuta mzee jasho linamtoka." Hayo ndiyo masomo yote niliyopata juu ya jambo hili. Bwana Hamadi alifariki kabla sijajua maswali ya kumuuliza.

Vijiji vya Ujamaa vilipoanza kuandikishwa, nilipelekwa kaskazini mwa kisiwa, kijiji kimoja mbele ya Kirongwe ambacho sitakitaja, maana wenyewe bado wapo na ni wepesi wa kukasirika. Zahanati waliijenga wananchi kwa kujitolea, mawe na chokaa chini, makuti juu. Mimi ndiye niliyekuwa kila kitu pale. Wakati mwingine dawa zilifika kwa wakati, mara nyingi zilichelewa, na kila zilipochelewa mimi ndiye niliyetazamwa kwa jicho baya, nami ningefanya nini?

Nyuma ya zahanati, karibu na mikoko, kulikuwa na kiwanja cha makumbi. Wanawake walifukia maganda ya nazi kwenye tope la bahari mpaka yaoze vizuri, wakayafukua, wakayapiga kwa marungu juu ya magogo mpaka zibaki nyuzi za kusokotea kamba. Ni kazi inayovunja mgongo na kunuka vibaya. Hawakuifanya bila wimbo, kwa sababu wimbo ndio uliowapangia marungu. Mmoja aliongoza, wengine wakaitika, rungu likashuka kwenye kiitikio. Huyo aliyeongoza walimwita manju. Alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti iliyofika mpaka kwangu nikiwa nafunga kidonda, nikajikuta nafunga kwa mwendo wake.

Siku alipoletwa alikuwa amebebwa na wenzake, midomo imebadilika rangi, miguu imevimba mpaka kidole kikizama kinaacha shimo. Niliweka mpira kifuani nikasikia mkwaruzo kati ya pigo na pigo. Daktari wa wilaya alipopita kwa Landrova alithibitisha: homa ya maungo aliyougua utotoni ilimkakamaza mlango mmoja wa moyo, haufunguki sawasawa. Alikuwa daktari muungwana. Akaniambia pembeni kwamba mlango ule hautengenezeki kwa chochote tulicho nacho, ila mtu anaweza kuishi nao muda akitunzwa. Akaacha vidonge vya moyo na vya kukojoa, akamkataza samaki wa ng'onda na chumvi, akamkataza rungu.

"Na wimbo?" akauliza Bi Mwanahawa.

Daktari akanitazama. Nikasema tutaona.

Tukaona hivi. Makumbi yana nyimbo za namna mbili. Upo wa kupigia, wa haraka, na upo wa kuchambulia nyuzi, wa polepole, wanawake wakiwa wameketi. Nilimkataza ule wa kwanza, nikamruhusu ule wa pili akiwa kitini, mgongo umeegemea. Kisha nikakaa naye nimeshika mkono wake. Alianza:

"Kumbi, umelala tope..."

Wenzake wakaitika:

"Lala, lala, tutakuja."

Mstari ule aliutoa kwa pumzi moja ndefu, na wenzake wakiitika yeye alipata nafasi ya kuvuta nyingine taratibu. Mshipa uliokuwa unakimbia ukaanza kutembea. Hofu ikamtoka usoni. Nilimpima tena kesho yake na wiki iliyofuata, nikakuta hivyo hivyo: siku alizoimba ule wa kuchambulia alilala vizuri na hakuhema sana. Nikawaomba wenzake waache wa haraka kabisa. Walinung'unika kwamba kazi itachelewa, na ilichelewa, lakini walikubali. Huo ndio wakati pekee katika kazi yangu niliodhani nimeushinda ugonjwa kwa akili, na ninyi msidanganyike kama nilivyodanganyika.

Masika ilipoingia alipata homa ya kifua. Ilipopoa ilimwacha hana pumzi ya kumaliza mstari. Akaanguka kitandani, miguu ikavimba tena. Na siku hiyohiyo aliyolala, kiwanja kikanyamaza.

Sikuelewa. Marungu niliyasikia, sauti sikusikia. Nikamfuata Bi Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya pili, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Huyu alikuwa mke mwenza wa Bi Mwanahawa kwa miaka mingi, mpaka mume wao alipowaacha wote wawili akaenda kuoa Rufiji. Wakabaki majirani, wanagombania kuku.

"Tumefunga sauti, dresa," akaniambia. "Manju akilala, watu wake hawaimbi. Ndiyo adabu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ainuke. Au mpaka tumzike, ndipo mwingine ashike."

"Na yeye anataka kuwasikia."

Akashangaa kama mtu aliyetukanwa. "Tuimbe na mwenyewe yupo ndani? Si ndiyo kumwambia ondoka, tumeshakusahau? Mimi na Mwanahawa tumetukanana kwa mengi, dresa, lakini hilo silifanyi."

Nikarudi kwa mgonjwa. Nyumba yake ilipakana na kiwanja, kwa hiyo kila pigo lilimfikia. Bila wimbo, kila rungu lilikuwa na lake: moja hapa, mawili pale, kimya, kisha mengi kwa pamoja. Nilishika mkono wake nikaona mshipa unarukaruka kila yakianza. Alikuwa anatoa macho.

"Wasikie," akasema. "Wananichimbia kaburi."

Nikamwambia wanamstahi. Akasema anajua kuwa wanamstahi, na kwamba yeye mwenyewe alifunga sauti hivyohivyo alipougua manju wa kabla yake, na alijisifu kwa adabu hiyo. Hakujua kuwa aliyelala ndani anasikia nini. Alisema hayo akilia, nami sikuwa na kidonge cha jambo hilo.

Nilihangaika. Niliazima redio ya ofisi ya kijiji nikaiweka karibu na kitanda chake. Ikatoa gwaride na hotuba juu ya kilimo, moyo wake ukaenda mbio, nikairudisha. Nikajaribu kumwimbia mwenyewe ule wimbo. Alinisikiliza mpaka mstari wa pili, akaanza kucheka, kicheko kikawa kikohozi. "Dresa, utaniua kabla ya Mungu," akasema. Niliwaomba wanawake wahamishe makumbi upande wa pili wa kijiji asisikie marungu. Wakahamia siku mbili, naye akaanza kuuliza kama wameshagawana vitu vyake. Wakarudi.

Katikati ya hayo akaja Ndugu Mwenyekiti wa kijiji. Wageni walitarajiwa kutoka mkoani, na kikundi cha makumbi ndicho kilichokuwa kikipokea wageni kwa nyimbo. Alisimama mlangoni mwa zahanati, mikono nyuma.

"Shikamoo, dresa." Alinizidi umri, lakini akiwa na shida alianza yeye.

"Mimi ndiye wa kukuamkia, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Kijiji kimya namna hii, wageni watasema tumewazika watu wakiwa hai. Huyu mama hawezi kuinuka japo kidogo? Wimbo mmoja tu, ule wa haraka."

"Akiimba ule wa haraka, Mwenyekiti, wageni mtawapokea pamoja na maiti."

Akafikiri sana. Kisha akaniuliza kama nina dawa ya mgongo. Nikampa. Wageni wakapokelewa kwa makofi, na sikusikia kuwa nchi ilidhurika.

Lakini Mwenyekiti ndiye aliyenitajia, akiwa anamung'unya kidonge, kwamba zamani manju wa hapo aliyekwenda Hija alikabidhi wimbo kwa mwingine mbele ya watu, na sauti haikufungwa. Njia ilikuwepo basi. Manju akiwa hai aukabidhi wimbo kwa mdomo wake, na mrithi akishaushika, watu wanaimba. Sharti lake moja: aliyekabidhi haimbi tena. Yule wa Hija alirudi, akaishi miaka, hakufungua mdomo, na siku alipokufa ndipo sauti ilifungwa mpaka akazikwa.

Na wa kushika alikuwa Bi Tatu. Hapakuwa na mwingine mwenye sauti hiyo.

Nilimweleza Bi Mwanahawa asubuhi, akiwa ameegemea mito. Sikuzunguka. Nikamwambia dawa zinafanya kazi yake, lakini moyo haupati kupumzika, unakimbia mchana kutwa kwa hofu, na moyo mbovu hauvumilii kukimbia. Wimbo ule ukirudi pale nje, huenda ukatulia. Sikumwahidi zaidi ya hapo.

"Kwa Tatu?" akasema. "Kanichukulia mume, nimpe na wimbo?"

"Mume mwenyewe kawaacha wote."

"Ndiyo. Umebaki wimbo."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale nikatamani ningekuwa na kazi nyingine, hata ya kuuza samaki. Alikuwa ananitaka nimponye, nami nilikuwa namwomba atoe kitu pekee alichokuwa nacho. Siku zilipita hivyo. Uvimbe ukapanda magotini. Akawa halali ila akiwa ameketi. Asubuhi moja marungu yalipoanza alinishika koti kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akasema, "Mwite."

Bi Tatu alikuja ametoka topeni, kanga imefungwa kiunoni, nyuzi za makumbi zimemganda nyweleni. Wenzake wakajaa mlangoni. Alipoambiwa anaitiwa nini alikataa, akasema hataki, akasema atachekwa, kisha akakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti. Bi Mwanahawa akamwacha alie. Halafu akamwambia, "Nyamaza, Tatu, usiharibu koo." Akamvuta sikio karibu na mdomo wake, akamwimbia mstari wa kwanza kwa kunong'ona, mpaka pumzi ilipomwishia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuimba, na aliyesikia ni Tatu peke yake.

Adhuhuri ile kiwanja kikaimba. Nilikuwa nimeketi naye. Mwanzoni Bi Tatu alikosea mahali, sauti ikamkatika, wakaanza upya. Kisha marungu yakajipanga. Mshipa ulikimbia, ukasitasita, ukaanza kutembea. Kabla ya alasiri Bi Mwanahawa alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikafurahi na kuona aibu kwa furaha yangu, vyote pamoja.

Nawaambia ninyi mnaotibu: ule wimbo haukumponya. Vidonge ndivyo vilivyopunguza maji, na chumvi aliyoiacha. Lakini kwa sababu alilala, na kwa sababu hofu ilimwachia, vile vidonge vilipata moyo wa kufanyia kazi. Masika ikaisha yu hai. Korosho zikavunwa yu hai, anakaa kizingitini, anachambua nyuzi mbili tatu. Wazee wenye presha nao wakaanza kuja kukaa kiwanjani nyakati za mchana, nami nikawapima palepale. Daktari alipopita tena alishangaa kumkuta. Mkipata mgonjwa wa namna hiyo, muulizeni wimbo anaoutaka yeye, msimchagulie. Uwe wa polepole, awe ameketi, na mshike mkono wake muone unafanya nini, maana mwingine wimbo humkumbusha msiba na mambo yakawa mabaya zaidi.

Hayo ningeyamalizia hapo kama ningekuwa naandika ripoti. Lakini siku moja nilimkuta kizingitini, wenzake wanaimba, midomo yake imefungwa kabisa, ameikaza. Nikampima, nikamwambia moyo umetulia vizuri.

"Umetulia," akasema. "Ila hauna kazi."

Nikaandika kipimo, nikaenda zangu. Neno lile ninalo mpaka leo.

Kipupwe cha mwaka uliofuata kilipofika maji yalirudi, na mara hii vidonge havikuyaondoa. Siku ya mwisho ilikuwa mchana wa jua kali. Bi Tatu aliingia kabla ya kuanza kazi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mwanahawa, chukua wimbo wako. Mimi nimechoka kuubeba."

"Nikiuchukua, pumzi ya kuuimba sina. Nisipouimba mtafunga sauti."

"Basi tufunge. Uondoke nao, ni wako."

"Na mimi nibaki nasikiliza marungu?" Akapumzika kidogo. "Nenda kaimbe, mwenzangu. Na ule mstari wa pili usiuharakishe. Unauharakisha kila siku, nanyamaza tu."

Bi Tatu akatoka, anafuta uso kwa ncha ya kanga. Wakaanza. Mstari wa pili hakuuharakisha. Mimi nilikuwa nimeshika mkono, nikahisi mshipa unakwenda taratibu, ukaruka pigo moja, ukarudi, ukaruka mawili. Nilingoja pigo lililofuata, halikuja. Nje walikuwa bado katikati ya wimbo, na desturi nilikuwa naijua sasa: ilinipasa nitoke niwaambie, wafunge sauti.

Sikutoka. Nilikaa nimeushika mkono wake mpaka walipomaliza.